Ukipewa kazi ya kuongea na wazalishaji na walaji: mwongozo kwa afisa mpya wa usalama wa chakula

Afisa mpya anapopelekwa kitengo cha wadau kwenye mamlaka ya chakula, kitu cha kwanza anachokabidhiwa ni orodha ya anwani za vyama vya wenye viwanda na nywila za kurasa za mitandao ya kijamii. Anaanza kutuma. Anatuma mialiko, mabango, nukuu za mkurugenzi na picha za semina. Mwaka unaisha, ripoti imejaa, lakini hakuna mwenye kiwanda aliyebadilisha namna anavyopoza nyama, wala mlaji aliyejua apige simu wapi akishikwa na tumbo.

Naandika kwa ajili ya afisa huyo. Nilianzia upande wa pili, kwenye udhibiti wa ubora kiwandani, nikahamia ukaguzi, kisha nikakaa miaka mingi kwenye kazi hii ya kuongea na watu. Ninachokiamini kuliko vyote ni kwamba mazungumzo ya mdhibiti yana maana pale ambapo uamuzi bado unaweza kubadilika kwa sababu yake. Ukishaamua ndipo ukaita watu, hicho ni kikao cha kutoa taarifa, na watu watakijua tu hata ukikipa jina zuri namna gani.

Jambo hili si dogo. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kwamba watu milioni 600 huugua kila mwaka kwa sababu ya chakula kisicho salama, na 420,000 hufariki, 125,000 kati yao wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Hakuna mamlaka duniani yenye wakaguzi wa kutosha kusimama kwenye kila jiko. Chakula kinakuwa salama au kinakuwa sumu mikononi mwa anayekamua, anayechinja, anayepika na anayesafirisha, na mdhibiti anawafikia watu hao kwa maneno mara nyingi zaidi kuliko kwa miguu.

Nenda kabla hujaandika

Rasimu ya kanuni ikishachapwa na kupewa namba za vifungu, tayari ina wenyewe. Kuna aliyekesha akiiandika, kuna mwanasheria aliyeipitia, kuna bosi aliyeitia saini. Ukienda kutafuta maoni wakati huo, kila pingamizi litasikika kama tusi. Nenda ukiwa na tatizo tu mkononi, jibu hujalipata.

Ukifika kiwandani usianzie ofisini. Omba kukifuata chakula chenyewe, tangu malighafi inapopokelewa, inapooshwa, inapopikwa, inapopozwa hadi inapofungashwa. Pale kinapopozwa simama muda mrefu kuliko pengine. Kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi ndimo bakteria wengi wanamostawi, na sufuria kubwa ya mchuzi mzito inaweza kubaki humo saa nyingi katikati yake, huku juu imeshapoa na kuonekana tayari kwa friji. Muulize anayeishughulikia, siyo meneja wake: "Hii huwa inakaa hapa mpaka saa ngapi?" Kisha nyamaza umsikilize. Atakueleza mambo ambayo hayamo kwenye daftari lolote la taratibu: kwamba ikifika saa kumi jioni friji inakuwa imejaa, kwamba zamu ya usiku ina mtu mmoja, kwamba kipimajoto kiko kwenye droo ya msimamizi na msimamizi ameshaondoka. Hapo ndipo utajua kama kanuni unayoifikiria itafuatwa.

Nina mfano ninaoupenda kuwapa maafisa wapya kwa sababu waliotunga sheria yenyewe walikuwa na nia njema kabisa. Marekani ilipitisha sheria mwezi Aprili 2021 iliyoufanya ufuta kuwa chakula cha tisa kwenye orodha ya vyakula vikuu vinavyosababisha mzio, ambavyo lazima vitajwe kwenye lebo, kuanzia tarehe 1 Januari 2023. Watu wenye mzio wa ufuta walikuwa wameipigania. Ilipoanza kazi, baadhi ya waokaji waliona kwamba kuisafisha mitambo mpaka isibaki hata punje ni gharama na mahangaiko, wakachagua njia fupi: waliongeza ufuta kidogo kwenye mikate ambayo haikuwa nao, kisha wakautaja kwenye lebo. Kisheria walikuwa sawa. Lakini mtu mwenye mzio alikuta mkate aliokuwa akiula kwa amani sasa umegeuka hatari kwake. Mamlaka ya chakula na dawa ya huko, FDA, ilisema wazi kwamba haiungi mkono mtindo huo, ila haikuwa na kifungu cha kuuzuia.

Kwa hiyo kwenye kila kiwanda utakachotembelea, uliza swali hili kwa maneno haya haya: "Hii ikiwa sheria kesho asubuhi, njia yako rahisi kuliko zote ya kuitimiza ni ipi?" Usiulize kama wanaiunga mkono. Wakikujibu kwa ukweli, utayaona madhara ya kanuni yako kabla haijamgusa mtu.

Halafu watafute wasiokuja. Viwanda vikubwa vina mwanasheria na mtu wa kusoma matangazo ya serikali, hao utawakuta mlangoni. Mzalishaji mdogo anayefanya kazi na mke wake na vijana wawili hatakuja kikao cha siku nzima, maana akija, siku hiyo hakuna uzalishaji. Mfuate yeye, asubuhi mapema au jioni akishafunga. Wagonjwa vilevile. Uingereza, baada ya msichana wa miaka 15 kufariki mwaka 2016 kwa mzio wa ufuta uliokuwa kwenye mkate usio na orodha ya viambato, serikali iliweka mezani njia kadhaa na kukusanya maoni. Wafanyabiashara wengi walipendelea njia nyepesi, kama vile kubandika tangazo la "tuulize kuhusu mzio". Watu wanaoishi na mzio walitaka orodha kamili ya viambato kwenye kila kinachofungashwa hapo hapo dukani. Bodi ya mamlaka ya viwango vya chakula, FSA, ilishauri orodha kamili mwaka 2019, na sheria ikaanza kutumika Oktoba 2021. Wangesikilizwa wenye maduka peke yao, sidhani kama mambo yangeishia hapo.

Kukusanya maoni kwa njia ambayo mtu anaweza kuyatoa

Tangazo la kawaida la kuomba maoni lina kurasa 40 za rasimu, barua ya utangulizi na sentensi moja ya mwisho isemayo maoni yatumwe kabla ya tarehe fulani. Nimeyaona mengi, na majibu yake hulingana na juhudi iliyowekwa.

Ukurasa wa kwanza uwe wa lugha ya kawaida na useme mambo matatu: tatizo ni nini, kipi kimeshaamuliwa, kipi bado kiko wazi. Hili la pili wengi hulikwepa kwa kuogopa kuonekana wabishi. Usilikwepe. Kama sayansi imeshaonyesha kwamba kiwango fulani cha sumukuvu, ile sumu ya ukungu kwenye chakula, kinadhuru ini, kiwango hicho hakipigiwi kura, na ni heshima kumwambia mtu hivyo mapema kuliko kumpotezea siku tatu za kuandika. Lakini namna ya kupima, mara ngapi, nani alipie, wadogo wapewe muda gani wa kujiandaa, yote hayo yanaweza kuwa wazi kweli, na huko ndiko wazalishaji wanakojua kukuzidi.

Kisha badilisha maswali. Swali la aina hii halina faida: "Je, unakubaliana na kifungu cha 14(2) kuhusu utunzaji wa kumbukumbu za joto?" Atakayejibu ni mwanasheria. Liandike hivi: "Tunafikiria kutaka joto la friji liandikwe kila baada ya saa 4, usiku na mchana. Kwako nani ataliandika saa nane usiku? Asipokuwepo mtu, ungetumia njia gani?" Hilo hata fundi wa friji atalijibu, na jibu lake litakuwa na kitu ndani.

Muda nao usiubane. Mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu hatua za usafi wa chakula na afya ya mimea na wanyama umekuwepo tangu tarehe 1 Januari 1995. Chini yake, nchi inayotaka kuweka kanuni mpya itakayogusa biashara na kutofautiana na viwango vya kimataifa hutangulia kuwaarifu wengine, na muda wa kawaida wa kutoa maoni ni siku 60. Kama wageni wanapewa siku 60, wa nyumbani usiwape wiki mbili. Tume ya Codex, inayotunga viwango vya kimataifa vya chakula, iliyoanzishwa na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, pamoja na WHO na kufanya kikao chake cha kwanza mwaka 1963, ina hatua nane za kutengeneza kiwango, na rasimu hurudishwa kwa wanachama na waangalizi mara mbili, hatua ya 3 na hatua ya 6. Miongoni mwa waangalizi wamo vyama vya wenye viwanda na vya walaji pia. Ni mwendo wa polepole, lakini maneno yaliyoshindwa raundi ya kwanza hupata nafasi ya pili.

Barua zikija, usizihesabu kama kura. Barua 900 zenye maneno yale yale zinaonyesha kwamba kuna watu 900 wanaojali, na ni lazima uliandike hilo; ila hoja ndani yake ni moja. Barua moja ya mkulima mwenye takwimu za maji ya kisima chake ni hoja nyingine, na inaweza kuwa nzito zaidi. Zisome zote. Namaanisha wewe uzisome, siyo kumpa mwanafunzi wa mafunzo kazini akutengenezee muhtasari.

Sasa lile ambalo mamlaka nyingi huliacha, nami nitalisisitiza mpaka nichoke: rudisha majibu. Tengeneza jedwali lenye safu tatu, ya kwanza maoni yalisemaje, ya pili tumefanya nini, ya tatu kwa nini. Lichapishe siku ile ile kanuni inapotoka. Safu ya tatu ndiyo ngumu. "Yamezingatiwa" siyo jibu. Andika: "Tumepunguza kutoka kila saa 4 hadi mara mbili kwa siku kwa wenye friji zenye kengele ya joto, kwa sababu kengele inatoa ulinzi ule ule." Au andika: "Hatukukubali, kwa sababu bidhaa hii huliwa bila kupikwa tena." Mtu aliyekataliwa kwa sababu anayoielewa hurudi mara ya pili. Aliyenyamaziwa humwambia na jirani yake asijisumbue.

Kubadilika baada ya kusikia hakumvunjii mdhibiti heshima. Januari 2013 FDA ilitoa rasimu ya kanuni za mboga na matunda chini ya sheria ya usalama wa chakula ya mwaka 2011. Kifungu kimoja kilitaka mkulima aliyeweka samadi mbichi asubiri miezi 9 kabla ya kuvuna. Wakulima, hasa wa kilimo hai ambao tayari walikuwa na kanuni ya siku 90 au 120, walisema hiyo ni kuwafutia msimu mzima. Naibu kamishna aliyesimamia chakula, Michael Taylor, alizunguka mashambani na wataalamu wake wakawasikiliza huko huko. Septemba 2014 mamlaka ilitoa upya sehemu za rasimu hiyo na kuiondoa ile miezi 9 mpaka utafiti zaidi ufanyike, na kanuni ya mwisho ikatoka Novemba 2015. Kanuni ilisimama, tena ikiwa na watu walioielewa.

Mlango wa mkurugenzi

Wenye viwanda wataomba kukutana nawe faraghani. Usikatae, wana siri halali za biashara na wana data ambayo huwezi kuipata kwingine. Ila weka utaratibu ambao haumbagui mtu: kila kikao kiandikwe, nani alikuwepo, mada ilikuwa nini, na orodha ya vikao itolewe hadharani. Fomula ya bidhaa inaweza kufichwa. Kwamba mlikutana haifichwi. Chama cha walaji kikiomba saa moja ya mkurugenzi, kiipate kama wengine walivyoipata.

Mamlaka kadhaa zimefika mbali kwenye hili. FSA ya Uingereza iliyoanza kazi mwaka 2000 hufanya vikao vya bodi yake hadharani. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni iliyoanza kutumika tarehe 27 Machi 2021, unachapisha mapema tafiti ambazo kampuni zinaziwasilisha kwa mamlaka yake ya usalama wa chakula, EFSA, kuomba idhini, na kampuni hutakiwa kutoa taarifa inapoagiza utafiti wa namna hiyo, ili usije ukafichwa ule ulioleta majibu mabaya.

Na neno utakalowaambia wenye viwanda ndani, liwe lile lile utakalowaambia walaji nje. Nilihudhuria kikao kimoja ambapo afisa wa mamlaka, ambayo siitaji, aliwatuliza wazalishaji kwamba kanuni mpya "haitasimamiwa kwa ukali," na jioni yake akatangaza kwa waandishi kwamba haitakuwa na huruma. Kesho yake pande zote mbili zilikuwa na kauli zake mbili mezani, na yeye ndiye aliyeharibikiwa. Mfano mzuri wa kinyume chake ni Taylor huyo huyo, alipokuwa mkuu wa ukaguzi wa nyama Marekani. Mwaka 1993 watoto wanne walikuwa wamekufa kwa bakteria wa E. coli O157:H7 kwenye nyama ya kusaga. Septemba 1994 alisimama kwenye mkutano wa wenye viwanda vya nyama wenyewe, akawaambia uso kwa uso kwamba nyama mbichi ya kusaga yenye bakteria huyo kuanzia sasa itahesabiwa imechafuliwa na haitauzwa. Walikwenda mahakamani, wakashindwa.

Ukaguzi ndio mazungumzo makubwa kuliko yote

Mzalishaji wa kawaida hajawahi kuhudhuria kikao chako chochote. Anamjua mkaguzi. Kwake yeye mkaguzi ndiye mamlaka, kwa hiyo wafundishe wakaguzi kuongea. Kikao cha mwisho wa ukaguzi, zile dakika chache za kukaa chini kabla ya kuondoka, kisiruke hata siku moja. Kiwe namna hii:

"Mama, tumemaliza. Naomba tukae kidogo nikueleze nilichokiona."

"Haya, sema tu, afisa."

"Jiko lako ni safi, na lile daftari la mapokezi ya malighafi ni zuri, endelea nalo. Kilichonitia wasiwasi ni kisu kile cha bluu. Nimekiona kinakata kuku mbichi, kikapanguswa na kitambaa, kikakata saladi. Hicho lazima kiishe leo. Bakteria wa kuku mbichi hafi kwa kitambaa, na saladi haipikwi."

"Visu ni viwili tu. Kingine kimevunjika mpini."

"Basi mpaka upate kingine, kata saladi kwanza, kuku baadaye, kisha osha kisu na ubao kwa maji ya moto na sabuni, na uue vijidudu ndipo uvitumie tena. Nitaandika hivyo hivyo. Nitarudi Alhamisi kuangalia hilo tu."

Utaona mkaguzi amesema alichokiona kwa macho yake na sababu yake, kisha akasikiliza shida ya mwenye jiko na kuipatia njia ya kuanzia siku ile ile. Hakutaja kifungu cha sheria mpaka kwenye ripoti. Mama huyo atafanya kitu leo. Mkaguzi anayeondoka kimya na kutuma barua ya makosa 17 baada ya wiki tatu amempa hofu tu, na mtu mwenye hofu huficha. (Pale mtu anapoweka maisha ya watu hatarini kwa makusudi, kikao hakisaidii. Funga jengo.)

Matokeo ya ukaguzi ni ya walaji pia. Denmark walianza mwaka 2001 kuonyesha matokeo kwa sura zinazotabasamu au kununa, na ripoti yenyewe hubandikwa mlangoni. Wales kubandika alama ya usafi ya 0 hadi 5 ni lazima tangu 2013. Ukianzisha mpango wa namna hii, weka na njia ya aliyejirekebisha kuomba akaguliwe upya haraka, la sivyo alama inageuka adhabu isiyo na mwisho.

Siku ya dharura

Hapa ndipo kazi yako yote ya nyuma inapimwa. Kwanza, jiandae kabla. Sheria ya chakula ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2002 inamtaka kila mfanyabiashara ajue bidhaa imetoka kwa nani na ameiuzia nani, hatua moja nyuma na hatua moja mbele, na nchi nyingi zina sharti linalofanana. Likiwa kwenye makaratasi tu halikusaidii. Fanya mazoezi na viwanda: piga simu, taja bechi moja, angalia inachukua muda gani kukupa orodha ya maduka yaliyoipokea. Hakikisha una namba ya simu ya mtu anayepokea usiku wa Jumapili.

Pili, usiwatulize watu. Nisikilize vizuri hapa, kwa sababu hamu ya kutuliza itakujia yenyewe na wakubwa wako watakushinikiza. Uingereza, ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe ulipoenea, waziri wa kilimo John Gummer alionekana mbele ya kamera mwaka 1990 akimpa binti yake mdogo mkate wa nyama ya ng'ombe, kuonyesha kwamba ni salama. Tarehe 20 Machi 1996 serikali hiyo hiyo ililitangazia bunge kwamba ugonjwa huo huenda umewaingia binadamu. Uchunguzi rasmi uliotoa ripoti Oktoba 2000 ulikuta kwamba serikali haikukusudia kudanganya. Iliogopa mno watu wasije wakataharuki. Hofu hiyo ya taharuki ndiyo iliyowapotezea imani ya wananchi kwa miaka, na FSA iliundwa kwa sehemu kubwa kwa ajili ya kuirudisha.

Lakini usikimbilie kutaja mkosaji pia. Mei 2011 Ujerumani ilipokumbwa na bakteria wa E. coli O104:H4, mamlaka ya afya ya Hamburg ilitangaza kwamba matango kutoka Hispania ndiyo chanzo. Yalikuwa na bakteria, ila siyo yule aliyekuwa anaua. Tarehe 10 Juni taasisi za Ujerumani zilitangaza kwamba chanzo ni mbegu zilizochipuzwa. Zaidi ya watu 50 walifariki, na wakulima wa mboga wa Ulaya walipata hasara kubwa hivi kwamba Umoja wa Ulaya ulitenga zaidi ya euro milioni 200 kuwafidia.

Katikati ya makosa hayo mawili kuna njia, nayo ni kusema unachokijua, usichokijua, unachokifanya ili ukijue, na mtu afanye nini sasa hivi akiwa jikoni kwake. Afrika Kusini ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa bakteria wa listeria Desemba 2017 ikiwa bado haijui chanzo. Kilikuja kutangazwa tarehe 4 Machi 2018, nyama iliyosindikwa ya kuliwa bila kupikwa. Zaidi ya watu 1,000 waliugua na zaidi ya 200 wakafa. Listeria anaweza kuchukua hadi siku 70 kabla ya kumfanya mtu augue, na nani anakumbuka alichokula wiki kumi zilizopita? Katika miezi kama hiyo afisa wa mawasiliano hana jina la bidhaa la kutoa. Bado ana la kusema: nani yuko hatarini zaidi, yaani wajawazito, watoto wachanga, wazee na wenye kinga dhaifu, dalili ni zipi, na zile kanuni tano za WHO za mwaka 2001, usafi, kutenganisha kibichi na kilichopikwa, kupika vizuri, kutunza kwenye joto salama, kutumia maji na malighafi salama. Akikaa kimya, watu watalijaza pengo wenyewe.

Bidhaa ikishajulikana, taarifa iandikwe ili mtu aisome huku ameshika pakiti mkononi. Anzia hapa:

"Usitumie maziwa ya unga ya chapa (jina), pakiti ya gramu 400, bechi namba (…), tarehe ya mwisho wa kutumika (…). Namba ya bechi iko chini ya pakiti. Yamekutwa na bakteria wa Salmonella. Usiyaonje wala usimpe mnyama. Yarudishe dukani, utarudishiwa pesa hata bila risiti. Mtoto aliyeyanywa akipata homa, kuhara au kutapika, mpeleke hospitali na umtajie daktari jina la maziwa. Maabara ilituthibitishia leo saa 4 asubuhi. Bado hatujajua yalichafuliwa wapi. Taarifa inayofuata ni leo saa 12 jioni, hata tusipokuwa na jipya."

Saa 12 ikifika, toa taarifa. Picha ya pakiti iwepo. Salamu za mkurugenzi hazina nafasi hapo. Na mwenye kiwanda apewe maandishi hayo kabla hayajatoka, arekebishe namba ya bechi kama imekosewa. Kupunguza ukali wa maneno siyo haki yake.

Simu ya malalamiko

Maafisa wengi huiona kero. Mimi ningeiweka mezani kwa mkurugenzi. Kwenye kashfa ya China ya melamini, kemikali ya viwandani iliyochanganywa kwenye maziwa ya watoto, iliyofichuka Septemba 2008 na kuwadhuru watoto wapatao 294,000, uchunguzi ulionyesha kwamba malalamiko ya wazazi yalianza kuifikia kampuni ya maziwa hayo Desemba 2007. Miezi ile yote habari ilikuwepo, kwenye simu na barua za wazazi.

Anayepokea simu aulize kwa utaratibu: ulikula nini, lini, saa ngapi dalili zilianza, nani mwingine alikula na nani hakula, mabaki yapo? Kama yapo, yafungwe na yawekwe kwenye friji, yasitupwe, na pakiti isitupwe. Usimuulize kama ana uhakika. Hana, na hiyo siyo kazi yake. Kila simu iingie kwenye daftari moja pamoja na mahali na jina la bidhaa, na kila asubuhi mtu alipitie kutafuta yanayofanana, maana malalamiko mawili ya mitaa tofauti kuhusu bechi moja yana uzito kuliko makali ishirini yasiyohusiana.

Kisha mpigie aliyelalamika. Mwambie sampuli ilichukuliwa au haikuchukuliwa, na kwa nini. Maabara isipokuta kitu, mweleze kwamba kutokuta kitu kwenye pakiti moja hakuna maana kwamba yeye hakuugua, na kwamba jina lake limebaki kwenye daftari pamoja na tarehe. Mpigie kabla hujafunga jalada, ukiwa bado unaweza kumuuliza lile alilolisahau siku ya kwanza.